Anime: picha kali au stori kali? Jibu kwa dada anayebishana na kaka yake

Swali lililonifikia liko hivi: "Shikamoo kaka. Mimi na kaka'ngu tunabishana kila siku kuhusu anime, hizi katuni za Kijapani. Yeye akiona michoro imechoka anazima dakika ya tano, hata umwambie stori ni moto kiasi gani. Mimi naona picha ni mapambo tu, uandishi ndio kila kitu, na nimemwambia ile anime yake ya Solo Leveling ni picha tupu. Wewe unafanya kazi hizi, kati ya picha na uandishi kipi kina uzito zaidi?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kuchora storibodi, kwa hiyo ujue mapema naegemea wapi, mimi naamini uandishi wa anime hauishii kwenye skripti. Storibodi ya Kijapani, wenyewe wanaita ekonte, ni karatasi yenye safu ya vibox vya picha, pembeni maelezo ya kinachotokea, halafu maneno ya mhusika, halafu mwisho kabisa muda, sekunde ngapi na fremu ngapi, yaani zile picha moja moja zinazopita kwenye kioo. Episodi moja ya tivii ina kama vipande 300 hivi na kila kimoja kuna mtu amekaa akaamua kamera iwe wapi, mtu ageuke saa ngapi, tukae kwenye uso wake sekunde mbili au tano. Sasa niambie huyo anayeamua kwamba mama anyamaze sekunde tano kabla ya kujibu, huyo anachora au anaandika? Hayao Miyazaki, muongozaji wa Spirited Away, anajulikana kwamba hakai kuandika skripti kamili kwanza, stori inazaliwa humo humo kwenye storibodi, na filamu inaanza kutengenezwa wakati yeye mwenyewe bado hajamaliza kuchora mwisho wake. Ndio maana mtu akiniuliza picha au uandishi namwambia kwanza tukubaliane neno picha lina nini ndani.

Maana watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna usanifu, yaani wahusika wanafananaje, rangi, mandhari. Kuna mwendo, yaani vitu vinavyosogea, hicho mashabiki wanachokiita sakuga pale kinapokuwa kikali sana. Halafu kuna uongozaji, yaani nini kionekane, kwa muda gani, kwa mpangilio gani. Kaka'ko nahisi anazima kwa sababu ya mwendo, wewe unatetea skripti, na hapo katikati mmeacha kitu kikubwa kuliko vyote hamjakigusa.

Tuanze na mwendo maana ndio unaopigiwa kelele. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Ukichora mchoro mpya kwa kila fremu unahitaji michoro 24 kwa sekunde moja tu, ukishikilia kila mchoro fremu mbili ni 12, ukishikilia tatu ni 8. Osamu Tezuka, mchora komiki, alipoanza kurusha Tetsuwan Atom, katuni ya mtoto roboti, tarehe 1 Januari 1963, kila wiki episodi mpya ya nusu saa, hapakuwa na namna ya kuchora kama Disney, pesa haipo na muda haupo, kwa hiyo studio yake ya Mushi Production ikakaa kwenye mchoro mmoja kwa fremu tatu, ikasogeza mdomo tu na uso ukatulia, ikatunza michoro ya zamani na kuirudia kwenye episodi zingine. Na watoto wa Japani walikaa mbele ya tivii wakaangalia. Anime ya tivii imezaliwa humo kwenye ufukara wa mwendo, na tangu mwanzo ilibidi ijifunze kumshika mtu kwa njia nyingine, kwa stori inayoendelea wiki hadi wiki, kwa pembe za kamera, kwa sauti, kwa picha iliyosimama lakini imechaguliwa vizuri. Kwa hiyo mtu akisema anime bila mwendo mkali sio anime, historia yenyewe inamkatalia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Berserk. Ni manga, yaani komiki ya Kijapani, ya Kentaro Miura, mchoraji ambaye mikono yake ilikuwa balaa, kurasa zake unaweza kukaa nazo nusu saa. Ilitengenezwa anime ya tivii mwaka 1997, episodi 25, na ukiiangalia leo kwa jicho la kaka'ko utaona mwendo hakuna, kuna vita vikubwa ambavyo ni picha iliyochorwa kama mchoro wa rangi, imesimama, kamera inapita juu yake taratibu, muziki wa Susumu Hirasawa unapiga, basi. Halafu mwaka 2016 ikaja nyingine inayoendelea na sehemu za mbele za stori, hii sasa ina 3D ya kompyuta, vitu vinasogea muda wote, kamera inazunguka, inapaa, inaingia chini ya panga, haitulii. Ukihesabu kusogea, ya 2016 inaishinda ya 1997 mbali sana. Lakini nenda kaulize mashabiki wa Berserk wanaipenda ipi, ya 1997 inaheshimika mpaka kesho na ya 2016 imekuwa mfano wa kutolea onyo. Miura ni yule yule kote kuwili, shujaa wake Guts ni yule yule. Kilichotofautiana ni kwamba 1997 kuna mtu aliyejua wapi pa kukaa kimya, anakuonyesha Guts kakaa na kamanda wake Griffith juani baada ya kuogeshana maji wanaongea ndoto, hakuna kinachosogea zaidi ya upepo, na unaelewa kabisa huyu kijana kampata mtu wa kwanza maishani kumuona kama mtu, kwa hiyo yakija kutokea yanayotokea mwishoni unavunjika. Kamera ya 2016 haikupi nafasi ya kumtazama mtu machoni. Ule ni udhaifu wa picha, ndiyo, ila sio ule udhaifu ambao kaka'ko anaukimbia.

Neon Genesis Evangelion nayo ya mwaka 1995 na 1996 inafundisha hapa hapa. Kuna lifti, episodi ya 22, Asuka na Rei, wasichana wawili marubani wa maroboti, wamesimama ndani hawaongei, mchoro mmoja, karibu dakika nzima. Ile ni pesa na nguvu imeokolewa, kweli, lakini mwambie mtu yeyote aliyeiona akwambie alivyojisikia, ile chuki ya kukaa na mtu usiyempenda kwenye chumba kidogo huwezi kuiandika vizuri zaidi ya vile. Ila nisikudanganye, episodi mbili za mwisho za hiyo hiyo anime muda uliwaishia, zikaenda na michoro ya penseli na picha zilizoganda na sauti za kujihoji, na hapo watu waligawanyika vibaya mpaka mwaka 1997 ikatoka filamu ya kumalizia kwa njia nyingine. Mimi naziheshimu hizo episodi mbili kuliko wengi, zinamuingia Shinji, mhusika mkuu, ndani ya kichwa kwa namna ambayo hakuna pambano lingeweza, lakini nakubali kwamba mtu aliyefuatilia stori ya nje kwa episodi 24, malaika, maroboti, siri za baba yake, alikuwa na haki ya kuona kilichotokea huko nje kwa macho yake. Hapo picha ilikosekana na kukosekana kwake kuliumiza stori yenyewe.

Sasa nije upande wako maana na wewe umeenda mbali. Kusema picha ni mapambo tu sio kweli, na ushahidi mkubwa wa zama zetu ni Kimetsu no Yaiba, wengi mnaijua kama Demon Slayer. Manga yake ilianza mwaka 2016, ikaenda, ina wasomaji, sio kwamba ilikuwa imelala, lakini haikuwa tufani. Anime ya studio ya ufotable ikaanza Aprili 2019, halafu tarehe 10 Agosti ikarushwa episodi ya 19, shujaa Tanjiro na yule pepo wa nyuzi Rui, na usiku ule kitu kikabadilika. Stori ya kile kipande ilikuwa imeshaandikwa kwenye manga zamani, Tanjiro anamkumbuka baba yake akicheza ngoma ya moto kwenye theluji, mama anamtokea Nezuko, dada yake Tanjiro, anamwomba amuokoe kaka yake, maneno ni yale yale. Walichofanya ufotable ni kuamua moto uanze lini, wimbo uanze lini, ukimya ukae wapi, kumbukumbu ya baba na panga la mtoto viungane kwenye mwendo mmoja usiokatika. Kufikia mwisho wa 2020 vitabu vya hiyo manga vilishapita nakala milioni 100, na filamu ya Mugen Train iliyotoka Oktoba 2020 ikaipita Spirited Away ikawa filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote Japani. Nakubali pesa haipimi ubora, ila hapa inapima kitu kimoja halali, kwamba maneno yale yale yaliyokuwa kwenye karatasi miaka yote hayakuwafikia mamilioni ya watu mpaka alipotokea mtu wa kuyapa mwili. Huwezi kuita hiyo mapambo.

Na kuna aina ya stori ambayo mwendo ndio uandishi wenyewe. Chukua One Punch Man. Mwandishi anayejiita ONE aliianza mtandaoni mwaka 2009 kwa michoro ya ovyo kabisa, na watu waliipenda hivyo hivyo, hapo ni pointi kwako. Lakini alipokuja Yusuke Murata kuichora upya kuanzia 2012, na anime ya Madhouse mwaka 2015, utani wake ulipata meno, kwa sababu utani wa shujaa wake Saitama unategemea kwamba adui anakuja na utukufu wote, misuli, umeme, mji unapasuka, halafu huyu kipara uso wake ni yai limechorwa macho anapiga ngumi moja kashamaliza. Ule utukufu usipochorwa kwa nguvu zote, ngumi moja haichekeshi. Ndio maana sizoni ya pili mwaka 2019, ilipohamia studio nyingine na mwendo ukashuka, watu walilalamika kwamba stori imepoa, wakati stori ilikuwa inafuata manga. Hawakukosea. Walichokiona kimepoa kilikuwa stori kweli.

Ping Pong the Animation ya Masaaki Yuasa, 2014, ni kinyume chake kwa sura. Mtu akiona picha moja tu atasema hawa wamechorwa na mtoto, mistari imepinda, nyuso hazina urembo. Kaka'ko ataizima. Lakini vikianza kusogea, kila mchezaji anapiga mpira kwa mwili wake mwenyewe, ukifunika nyuso utamjua Peco na utamjua Smile kwa wanavyosimama tu. Hiyo ni picha ya daraja la juu kabisa. Na Naruto Shippuden, episodi ya 167, mwaka 2010, pambano la Naruto na adui yake Pain, mpaka leo watu wanasambaza zile picha zilizosimamishwa, uso wa Pain umevutika kama ndala iliyoachwa juani, wanacheka wanasema animeta, yaani wachoraji wa mwendo, walilewa. Iache iende bila kuisimamisha. Ule mwili unavutika kwa sababu kinachompiga kina uzito, Atsushi Wakabayashi na watu wake waliamua Naruto aliyepoteza akili asitembee kwa heshima ya kawaida ya episodi zingine. Ukitaka ipendeze ikisimama basi uikubali ife ikienda. Hapo lakini nampa kaka'ko haki yake kidogo, mabadiliko yale yalikuja ghafla mno kwa mtazamaji aliyezoea sura moja kwa episodi mia na kitu, na kumtoa mtu nje ya stori ni kosa hata kama nia ni nzuri.

Halafu kuna jambo la watu kusema "bajeti imeisha" kila wakiona picha imeshuka. Mara nyingi kinachoisha ni muda na watu. Anime nyingi zinalipiwa na muungano wa makampuni, wachapishaji, vituo vya tivii, lebo za muziki, wanaopanga tarehe ya kurusha, na studio inapokea hela yake ya kutengeneza na ratiba imeshafungwa. Mchoraji mkuu wa episodi kazi yake ni kupitia michoro ya wenzake na kuisahihisha ifanane, sasa michoro ikimfikia siku chache kabla ya kurushwa atasahihisha nyuso za muhimu na zingine zitapita zilivyo. Dragon Ball Super episodi ya 5 mwaka 2015, ile ya Goku na Beerus iliyochekwa dunia nzima, ilirekebishwa baadaye kwenye diski za Blu-ray. Nakuombea tu mkiona uso umekosewa mkumbuke kuna mtu kalala chini ya meza kwa ajili yake, na malipo ya vijana wanaochora ile michoro ya katikati, ya kuunganisha pozi moja na lingine, ni madogo kwa kweli, hilo linaniuma na ningependa mashabiki walizungumze zaidi kuliko wanavyozungumza nani kashinda nani.

Ila skripti ikianguka, hakuna cha Blu-ray. Angalia The Promised Neverland. Sizoni ya kwanza 2019, CloverWorks, karibu hakuna pambano, ni watoto kwenye nyumba wanamwogopa mama yao wa kulea, na kamera inakaa chini kwenye urefu wa mtoto, korido zinakuwa ndefu, sauti ya saa ya mfukoni ya Isabella, huyo mama, inakutisha kuliko pepo lolote. Sizoni ya pili 2021, studio ile ile, muongozaji yule yule Mamoru Kanbe, wahusika wanapendeza vile vile, lakini wakaruka sehemu nzima ya Goldy Pond, wakamfuta Yugo ambaye wasomaji wa manga wanampenda sana, wakakimbiza kila kitu ndani ya episodi 11 na kumalizia kwa picha zilizoganda zikipita kama albamu ya harusi ya mtu usiyemjua. Mikono ya wachoraji haikuweza kuokoa chochote, kwa sababu unachoraje machozi ya mtu ambaye hujampa sababu ya kulia.

Kwa hiyo ukinibana kabisa nichague, nakupa ushindi mwembamba. Kwenye anime ndefu uandishi unabeba zaidi. Legend of the Galactic Heroes ina episodi 110, zilitoka kuanzia 1988 mpaka 1997, sehemu kubwa ni wanaume wenye magwanda wamekaa wanaongea siasa, na mimi ningeirudia kesho asubuhi, wakati kuna anime zinazong'aa ambazo hata jina la mhusika mkuu limenitoka. Lakini nakupa ushindi huo kwa sharti kwamba ukubali uongozaji ni sehemu ya uandishi. Mwendo dhaifu nausamehe, sura iliyokosewa naisamehe, uongozaji usiojua unataka nitazame nini siusamehe, hata maneno yawe mazuri vipi, maana hapo bora nikasome manga.

Kuhusu Solo Leveling, uko nusu sawa. Watu wanaomzunguka shujaa wake Jinwoo wameandikwa vyepesi, wanakuja kushangaa na kuokolewa, na hilo hakuna mwanga wa zambarau utakaoliziba. Ila sio picha tupu. Anime yenyewe inajua inaongea kitu kimoja, mtu aliyedharauliwa anapata nguvu, na A-1 Pictures wanakionyesha mwilini, mabega yake, anavyotembea, anavyotazama adui mwanzo na anavyotazama baadaye, unamsoma bila maneno. Manhwa yenyewe, yaani komiki ya Kikorea, ilipendwa kwa michoro kabla anime haijafika, kwa hiyo wametii chanzo chao.

Kuna kitu kingine kinatuhusu sisi tunaoangalia huku. Wengi wetu tunaangalia kwenye simu, bando linabana, 360p, vipande vya usiku vinakuwa tope jeusi, ule umaridadi wa ufotable haufiki wote. Kinachopita salama kwenye kioo kidogo ni mpangilio, sura nyeusi ikionekana vizuri dhidi ya mwanga, muda wa ukimya, sauti, na stori. Kwenye vibanda umiza zamani watu walikaa masaa mbele ya kanda zilizochoka wakimsikiliza Lufufu anawatafsiria, na walitoka wakiwa wamelia. Lakini upande wa pili, maneno ya Kijapani yanatufikia kwa mkono wa mtafsiri wa Kiingereza tunayesoma haraka haraka chini ya kioo, kwa hiyo maneno tunayopata yameshapita mikono miwili, na picha ndiyo sauti pekee ya mwandishi tunayoisikia moja kwa moja. Hilo nakuachia ulifikirie kabla hujaiita tena mapambo.

Mkitaka kupimana, msibishane tena kwa maneno, chagueni episodi moja mnayoipenda kila mtu, izimeni sauti na maandishi, muiangalie mpaka mwisho, halafu kila mtu aeleze kilichotokea na nani alikuwa anamuogopa nani. Ukishindwa kueleza, uongozaji una shida. Baada ya hapo muiangalie Odd Taxi pamoja, 2021, episodi 13 tu, dereva teksi mwenye sura ya walrus anabeba abiria Tokyo usiku, mwendo ni wa kawaida kabisa, mazungumzo ni ya kiwango ambacho utafurahi, na kaka'ko atalalamika kwamba kwanini wamechorwa wanyama. Mbembeleze tu asizime. Swali lake hilo lina jibu, na usimwambie lipo episodi ya ngapi.